Whiplash: wengine imewapa hamasa, wengine imewaumiza

Mkuu uliyeleta uzi, umeuliza kwa nini watu wakimaliza kutazama Whiplash ya mwaka 2014, ile filamu ya Andrew, kijana anayesomea drams za jazi, na Fletcher, mwalimu wake mkali, wanagawanyika hivi: huyu imempa moyo wa kufanya mazoezi usiku kucha, yule ameona ukatili mtupu. Umeuliza pia kama filamu ya bajeti ndogo namna ile inastahili sifa ilizopewa, na kama umwonyeshe mdogo wako anayejifunza drams. Mimi ni mpiga drams na nimepita mikononi mwa mwalimu aliyefundisha kwa kufoka, kwa hiyo nitajibu kutokea huko. Nitataja mwisho wa filamu, asiyeitazama aishie hapa.

La bajeti ni fupi. Iligharimu kama dola milioni 3.3 na ilirekodiwa kwa siku 19. Kabla yake Damien Chazelle, mwandishi na mwongozaji wake, alitengeneza filamu fupi ya dakika 18 ili apate wa kumpa fedha. Sehemu kubwa ya hadithi iko kwenye vyumba vya mazoezi na jukwaani, kamera imesogezwa karibu kabisa na jasho, sikio, ncha ya kijiti. Hakuna bunduki, hakuna muuaji, na bado mtu anatazama huku ameshikilia kiti. Mhariri Tom Cross alikata picha kwa kufuata mapigo ya muziki, na Oscar aliyopewa ilikuwa haki yake. Nyingine mbili zilikwenda kwa uchanganyaji wa sauti na kwa J.K. Simmons, aliyeigiza kama Fletcher.

Sasa huo mgawanyiko. Naamini chanzo chake ni tukio moja, lile la Fletcher kumuuliza Andrew kama anakimbiza au anaburuza. Anamsimamisha tena na tena. Mara amewahi, mara amechelewa. Kiti kinarushwa, halafu Andrew anazabwa makofi ya uso, yakihesabiwa kwa mwendo wa wimbo. Nimeirudia sehemu hiyo nikiwa nimevaa spika za masikioni, na sikusikia kosa linalostahili hata nusu ya kelele ile. Wengi ninaojadiliana nao, wakiwemo wapigaji wazuri, wananiambia hivyo hivyo: tofauti hawakuisikia, lakini waliamini ipo kwa sababu mwenye mamlaka kasema ipo. Hapo ndipo filamu inapomnasa mtazamaji. Wewe mwenyewe unaanza kutilia shaka masikio yako, na unavyojitoa kwenye shaka hiyo ndivyo utakavyoisoma filamu nzima. Ukimpa Fletcher imani, unatoka na hamasa. Ukijiamini wewe, unatoka na hasira.

Mwalimu wangu naye alikuwa na tabia ya kukata wimbo bila kusema kosa liko wapi. Nakumbuka vizuri mwili unavyofanya. Bega linakaza, vidole vinakaba kijiti, kijiti hakirudi chenyewe kutoka kwenye ngozi, na mwendo unaanza kukimbia. Yaani hofu inazaa kosa lile lile unaloliogopa, na yeye anapata sababu ya kufoka upya. Nilichokipata miaka ile nilikipata peke yangu na metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, taratibu, nikianzia mapigo 60 kwa dakika na kupandisha kidogo kidogo. Mpigaji anayeniambia Fletcher angemtoa mbali, huwa namuuliza kama amewahi kupiga mikono ikiwa imekaza hivyo.

Waliopata hamasa siwabezi hata kidogo. Solo ya mwisho ya Andrew kwenye wimbo wa Caravan ni dakika tamu kuliko nyingi nilizowahi kuona kwenye filamu, na kila nikiitazama nataka kukaa kwenye drams. Ila Sean Casey, mwanafunzi wa zamani ambaye Fletcher anadai alikufa kwa ajali ya gari kumbe alijinyonga, watu hao humtaja kwa nadra sana. Chazelle mwenyewe alipoulizwa kuhusu maisha ya Andrew baada ya pale, alisema anamwona akiishia mtu mtupu, afe kwa dawa za kulevya akiwa na miaka thelathini na kitu. Kwa hiyo aliyeiandika hakuuona ule kama mwisho wa furaha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Fletcher anarudia hadithi kwamba mpiga drams Jo Jones alimrushia Charlie Parker, aliyekuja kuwa gwiji wa saksafoni ya jazi, toazi (lile sahani la shaba la drams), nusura amkate kichwa, na ndipo Parker akawa Parker. Ilikuwa Kansas City, mwaka 1936, klabu ya Reno, Parker akiwa kijana wa miaka 16 hivi. Jones aliliangusha toazi sakafuni, miguuni pa Parker, kumwashiria kwamba ashuke jukwaani. Ilikuwa aibu kubwa, lakini hakuna kichwa kilicholengwa. Baadaye Parker alikwenda milima ya Ozark kupiga na bendi, akafundishwa kodi za muziki (noti zinazopigwa pamoja) na waliomzidi, akazirudia solo za mpiga saksafoni Lester Young kwenye rekodi mpaka zikamkaa. Richard Brody wa jarida la The New Yorker aliliandika kosa hili filamu ilipotoka. Lakini hadithi ya toazi la kichwani bado inazunguka kama ushahidi kwamba kipaji kinatolewa kwa vitisho.

Malalamiko mengine ya wanamuziki, kwamba jazi haipimwi kwa kasi na kwamba wenzake Andrew kwenye bendi karibu hawasikilizwi, ni ya kweli. Kwangu hayaiharibu hadithi.

Kuhusu mdogo wako, mwonyeshe, lakini ukae naye. Damu ikianza kutiririka mikononi mwa Andrew, mwambie mkono unaochanika namna ile mara nyingi umekaba kijiti kupita kiasi, na mwalimu mzuri angemsimamisha amlegeze. Hadithi ya toazi ikifika, isimamishe filamu umsimulie ya Ozark, kisha muendelee.