Mgeni akikwambia amelewa na bia hajaiona

Wadogo zangu mnaoanza kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, Kiingereza cha kusema "slowly" na "drink water" mtakishika wiki ya kwanza. Kitakachowatesa ni maneno ya ulevi.

Mimi nilianza kuumbuka getini Machame. Begi la mama mmoja wa Kimarekani lilichelewa, tukamsubirisha zaidi ya saa mbili. Akanikazia macho: "I'm pissed." Kiingereza changu nilikuwa nimekiokota kwa Waingereza, na kwao neno hilo maana yake mtu kalewa chakari. Nikamvuta gaidi mkuu, yaani kiongozi wa msafara wetu, pembeni, "Kaka, huyu mama yuko bwii tangu asubuhi." Tukampelekea maji na kumbembeleza alale kidogo kwenye gari. Kumbe kwa Mmarekani neno lile lile ni hasira. Yale maji ndiyo yalimmaliza kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kutafsiri, jua kwanza mgeni katokea wapi. Na neno lenyewe wewe usilitamke kazini, ni la baa.

Waingereza wana msururu wake: "hammered" kama msumari, "plastered" kama ukuta uliopigwa lipu, "legless", yaani hata miguu hana. Si mambo ya jana, maana mwaka 1737 kule Philadelphia, Benjamin Franklin alichapisha gazetini orodha ya maneno zaidi ya 200 ya kumsema mlevi. Usijisumbue kuyakariri. "High" ni stimu, iwe ya furaha au ya kitu alichovuta. "Down" ni kunyong'onyea. Kijana wetu mmoja aliposikia mgeni yuko "down" alianza kufungasha hema, akidhani anataka kushushwa.

"Sober" nayo iangalie. Mmarekani akikataa mbege kule Marangu kwa kusema "I'm sober", mara nyingi hasemi kwamba bado hajalewa. Anasema pombe aliacha, pengine baada ya kuhangaika nayo miaka. Usimsukumie kikombe eti aonje utamaduni. Mletee soda, basi.

Sasa lile lililonifanya niandike haya. Kambi ya Barafu, mita 4,673, tumeamsha wageni saa tano usiku tuanze safari ya kileleni. Kijana wa Kiingereza, mcheshi tangu siku ya kwanza, kakaa mlangoni mwa hema ananiambia huku anacheka, "I feel a bit drunk." Na mimi nikacheka. Pombe ya wapi huku? Nikamsogezea chai nikaenda kwa mwingine. Niliporudi nikamulika taa: alikuwa anafunga kamba za kiatu, anavuta, anakaza, anatengeneza kifundo, na mguu haumo.

Gaidi mkuu hakucheka. Alichora mstari mavumbini kwa fimbo akamwambia autembee, kisigino kiguse vidole. Hatua ya tatu akalewalewa, tukamdaka. Ubongo ulikuwa umeanza kuvimba kwa kukosa oksijeni ya kutosha, na ugonjwa huo haungoji kuche. Tukamwekea oksijeni, tukashika njia ya Mweka ya kushukia usiku ule ule, wagumu wawili, yaani wapagazi, wamemshika huku na huku.

Ndiyo maana mgeni akisema "drunk" huko juu, acha kumtazama mdomo, mtazame miguu. Akisema "hungover", hengova bila kunywa, muulize kama kichwa kinauma, kama ana kichefuchefu, kama chakula kinapita. Hayo ni malalamiko ya mlima. Mwite gaidi mkuu hata kama amelala. Akikufokea, vumilia.

Asubuhi pale Mweka, zaidi ya mita 1,500 chini ya tulikotoka, kijana alikula mayai akaongeza. Kisha akainamisha kichwa: "I'm gutted." Nikaona perege wa Nyumba ya Mungu akipasuliwa na kutolewa matumbo. Nikamuuliza tumbo linauma upande gani. Akacheka mpaka chai ikamwagika, akanieleza kwamba kwao ni kuvunjika moyo. Alidunduliza miaka mitatu aje akione kilele.

Kabla ya kuteremka getini nilimchorea mstari mwingine kwenye tope. Aliutembea wote, akageuka, akarudi nao.