Faili lako la kwanza la majaji

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba umepata kazi ya kusikiliza rekodi za vikao na kuzichapa, na faili la kwanza ulilopewa ni la wabunge wa jimbo la Connecticut, Marekani, wakiwahoji majaji wanaotaka kuteuliwa tena. Hongera, na pole. Mimi nimekaa na rekodi za aina hiyo miaka mitatu, chumba cha nyuma hapa Ngamiani, feni ikipiga kelele kuliko jaji.

Kabla hujavaa spika za masikioni, weka Tanzania pembeni. Kwetu jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, naye hukaa hadi kustaafu, miaka 60. Wa Rufani ni 65. Bunge halimpigii kura. Connecticut muhula wa jaji ni miaka 8. Ukiisha, gavana hupeleka jina upya, kamati ya sheria humhoji, kisha mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, Seneti na la Wawakilishi, hupiga kura. Umri wa kustaafu ni 70. Na kabla jina halijafika kwa wabunge, tume ya uteuzi wa majaji huwa imeshampitia, na sheria inaitaka imchukulie jaji aliye kazini kuwa anafaa mpaka ionekane vinginevyo. Ndiyo maana utasikia wengine wanasalimiwa, wanaulizwa mawili matatu, wanaambiwa ahsante. Mwanzoni nilidhani rekodi imekatwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wasemaji. Niliona wenyeviti wawili kwenye kikao kimoja nikajua moja kwa moja kwamba mtu kakosea, nikamfuta mmoja. Kumbe kule kamati ni ya pamoja: maseneta na wawakilishi hukaa meza moja, kila upande na mwenyekiti wake. Sauti mbili, cheo kimoja. Waandike kwa majina.

La pili bado linanichekesha. Mbunge alimuuliza jaji juu ya “one-twenty”. Nikaandika 1:20, nikiamini wanazungumzia saa ya mapumziko ya mchana. Faili likarudi na alama nyekundu. Kule jaji akimaliza kusikiliza kesi ya madai isiyo na baraza la wazee wa mahakama (jury, raia wanaoitwa kuamua kesi), ana siku 120 za kutoa hukumu. Swali lilikuwa kali sana: kwa nini ulichelewa? Nami nikalifanya swali la chakula. Tangu hapo kila namba nairudia mara mbili kabla ya kwenda mbele.

Sasa sehemu yenyewe. Maswali mengi hayahusu hukumu, yanahusu mwenendo: unamsikilizaje asiye na wakili, ulipandisha sauti kwa nini, mafaili yanakwendaje. Mawakili na wazee wa baraza hujaza dodoso kumpima jaji, na kwenye mahojiano ya kumrudisha hapo ndipo uzito ulipo. Mgombea mpya huulizwa atafanya nini. Huyu wa kurudi ameshafanya, na wengine wamesafiri kuja kusema alichofanya.

Hao ndio watakaokuchosha. Ni wananchi, mara nyingi wa kesi za talaka na malezi ya watoto, wamepewa dakika tatu. Nakumbuka mama mmoja: kengele ikalia, akaendelea. Kwa sauti ya upole, mwenyekiti akamwomba amalizie. Akataja umri wa mwanawe, akanyamaza, nikasikia karatasi zikikunjwa. Hapa mtaani adhana ya Magharibi ilikuwa inaanza, nikasimamisha rekodi nikakaa tu. Nilipoendelea nilikuwa nimeshamhukumu jaji. Bila kujijua, kila jaji alipositasita niliweka alama ya kukatika kwa maneno, na vigugumizi vya mama nikavisafisha vyote. Msimamizi akaona. Aliniuliza swali moja: sheria ya kuandika vigugumizi inamhusu nani?

Mwamba ngoma huvutia kwake, na yule mama alikuwa upande mmoja wa kesi. Inawezekana kabisa alisema kweli. Lakini jaji akiambiwa ajibu, mara nyingi atasema hawezi kuizungumzia kesi ambayo bado iko mahakamani, kwa sababu maadili ya kazi yanamzuia. Masikioni hilo linasikika kama kukwepa. Wewe chapa alivyosema, na kimya chake kiandike kama ulivyoandika kimya cha wengine.

Ukipewa jimbo lingine, usibebe ya Connecticut. Virginia wabunge wenyewe ndio huwachagua majaji. Vermont muhula ni miaka 6 na wabunge hupiga kura ya kumbakiza. New Jersey ni miaka 7, akirudishwa mara hiyo moja anakaa hadi 70. Lakini gavana asipompeleka, Seneti haina cha kujadili. Mwaka 2010 gavana Chris Christie alikataa kumrudisha John Wallace wa Mahakama ya Juu, jambo ambalo halikuwa limemtokea jaji wa mahakama hiyo aliyeomba kurudi tangu katiba yao ya 1947.

La mwisho ni saa. Wakikupa ya moja kwa moja, kikao cha saa nne asubuhi kule ni saa 12 jioni kwetu, na kuanzia Machi wakisogeza saa zao ni 11. Kuleni mapema, na mwambie mama mashine ya kusaga nazi isubiri.