Mfupa si kalsiamu peke yake

Hapa Lamu mzee akivunjika, majirani huwa na dawa moja: maziwa na vidonge vya kalsiamu. Shangazi yangu wa Mkomani, mwenye kisukari cha miaka mingi, alivimeza bila kukosa, na nyonga ikavunjika kwa kuteleza tu dakani. Tangu nianze kumuuguza, swali langu la kwanza kwa daktari ni sukari.

Jaribu hili jikoni. Roweka mfupa wa kuku kwenye siki siku kadhaa, ukiibadilisha. Siki hula madini ya kalsiamu, na mfupa unaobaki hupindika bila kukatika. Mwingine utie kwenye makaa mpaka uwe mweupe: umbo ni lile lile, ila ukiubonyeza unasagika. Moto umeunguza kolajeni, yakabaki madini matupu.

Kolajeni ni protini ya nyuzinyuzi. Molekuli yake moja ina urefu wa takriban nanomita 300, na nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Molekuli hizo hupangana kwa kupishana kila nanomita 67, na baina yake hukaa fuwele bapa za madini, unene wake nanomita chache tu. Madini huupa mfupa ugumu. Kolajeni huupa ustahimilivu: mfupa ukipata pigo, nyuzi huteleza kidogo na kumeza nguvu yake, na ufa ukianza, nyuzi huushika usipanuke.

Sasa sukari ikizidi damuni hunata kwenye kolajeni na kuzifunga nyuzi, zikakakamaa. Ndiyo maana mwenye kisukari aweza kupimwa wingi wa madini, akaambiwa mifupa ni mizuri, kisha akavunjika kwa kujikwaa. Kipimo kile hakioni kolajeni.

Vidonge alivyoandikiwa na daktari asiviache, lakini sukari idhibitiwe kwanza. Ale dagaa na mifupa yake, na ndimu, kwani mwili hauundi kolajeni nzuri bila vitamini C. Supu ya kongoro ni tamu, naipenda mno, ila kolajeni yake humeng'enywa tumboni kama nyama yoyote. Haiendi moja kwa moja mfupani. Atembee kila jioni, punda wakipungua njiani. Ngazi ziwekwe taa na kamba ya kushikia. Na macho yapimwe, maana kisukari hicho hicho huyafifisha, na vidato vya nyumba zetu za kale havilingani.