Maswali ya Wasomaji: Oedipus Kizimbani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fasihi, na baada ya darasa langu kusoma tamthilia ya Sophocles juu ya Mfalme Oedipus, ningependa wanafunzi waendeshe kesi ya kuigiza ambamo mfalme huyo atashtakiwa. Hofu yangu ni kwamba mabishano yote yataishia kwenye kauli moja, kwamba miungu ndiyo iliyopanga, na kesi itakuwa imekwisha kabla hata shahidi wa kwanza hajaitwa. Nifanyeje?
Mwalimu wa Fasihi

JIBU: Hofu yako ina msingi, Mwalimu, na mara nyingi tatizo hilo huanzia kwenye hati ya mashtaka iliyoandikwa kwa upana mno. Ukimshtaki Oedipus kwa kumuua baba yake na kumwoa mama yake, utetezi utasema kwamba hakujua, na upande wa mashtaka utakosa la kujibu, kwa kuwa tamthilia nzima imejengwa juu ya kutojua kwake. Mshtaki kwa tendo moja tu: kwamba katika njia panda, huko Phocis, Ugiriki, alimuua kwa kukusudia Laius, mfalme wa Thebes, ambaye ndiye baba yake. Kosa la kuua halidai kwamba muuaji awe anamjua aliyemuua. Anayempiga mtu asiyemfahamu hadi akafa ameua, hata kama baadaye itagundulika kwamba marehemu alikuwa mzazi wake. Utetezi wa kutojua unapoondolewa mezani, wanafunzi hulazimika kurudi kwenye ukurasa ambao wengi huupita mbio.

Ukurasa huo ni ule ambao Oedipus anamsimulia Jocasta, mke wake aliyekuwa mjane wa Laius na ndiye mama yake, yaliyotokea. Anaeleza kwamba mtangulizi wa msafara na mzee aliyekuwa ndani ya gari la farasi walitaka kumwondoa njiani kwa nguvu. Kwamba alimpiga kwa hasira yule aliyemsukuma. Kwamba mzee alimngojea apite kando ya gari, akampiga kichwani kwa mchokoo wenye ncha mbili. Na kwamba yeye alilipa zaidi ya alivyotendewa, akamwangusha mzee kwa pigo la fimbo, kisha akawaua wote. Wakili wa utetezi ataanzia kwenye lile pigo la kichwani na kudai kwamba mteja wake alijihami. Mwendesha mashtaka ataling'ang'ania neno "hasira", kisha aulize kujihami huko kuliishia wapi, ikiwa mzee alikwisha kuanguka na watumishi wake wakaendelea kuuawa. Anaweza pia kuikumbusha mahakama kwamba mshtakiwa alikuwa ametoka Delphi, penye hekalu la utabiri la mungu Apollo, alikoambiwa kwamba atamuua baba yake, na kwamba mtu mwenye onyo kama hilo masikioni alipaswa kuogopa kumwinulia fimbo mwanamume yeyote wa umri wa kumzaa. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja kali kuliko zote, kwa sababu inauchukua ule ule utabiri ambao wanafunzi wako wangeukimbilia kama kinga na kuufanya kuwa ushahidi dhidi ya mshtakiwa.

Shahidi wa kumwandaa kwa uangalifu mkubwa ni mtumishi wa Laius aliyenusurika, ingawa Oedipus alidhani amewaua wote. Yeye ndiye aliyerudi mjini na taarifa kwamba walivamiwa na wanyang'anyi wengi, na Oedipus mwenyewe anakubali kwamba, taarifa hiyo ikisimama, yeye si muuaji, kwa maana alikuwa peke yake. Lakini mtumishi huyo anapoletwa mbele ya mfalme, anahojiwa kuhusu mtoto mchanga aliyepaswa kutupwa mlimani, yaani Oedipus mwenyewe, na hakuna anayemuuliza lolote juu ya njia panda! Swali hilo liulizwe darasani. Je, alidanganya kuhusu idadi ya wavamizi kwa sababu ya aibu ya kukimbia? Na kwa nini, alipomwona Oedipus ameketi katika kiti cha enzi, alimwomba Jocasta ampeleke malishoni, mbali na mji? Weka kanuni kwamba shahidi anajibu yale tu ambayo matini inayabeba. Akivuka mpaka huo, wakili wa upande wa pili apinge na hakimu aamue. Jocasta amekwisha kufa, hivyo maneno yake yatafika mahakamani kupitia kwa waliomsikia, na Tiresias, nabii kipofu, hakuona kwa macho. Ikiwa ushahidi wa namna hiyo upokelewe au ukataliwe ni jambo linalostahili mjadala wake, kabla ya kesi kuanza.

Kuhusu utaratibu, Waathene wenyewe wanaweza kukusaidia. Walikuwa na mahakama ya Areopagus kwa mauaji ya kukusudia, Palladion kwa yasiyokusudiwa, na Delphinion kwa muuaji aliyedai kwamba sheria ilimruhusu kuua. Muda wa hotuba ulipimwa kwa saa ya maji, na kura zikilingana mshtakiwa aliachiwa huru. Wanafunzi wasio na nafasi nyingine wawe baraza la waamuzi, kila mmoja akiandika kura yake pamoja na sababu na mstari wa tamthilia anaoutegemea. Karatasi hizo ndizo za kusahihisha, kwa kuwa ufasaha wa mawakili wachache hauonyeshi nani amesoma. Kwa wanaohitaji matini ya Kiswahili, ipo tafsiri ya S. S. Mushi, Mfalme Edipode.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi, na nimepangiwa kuwa mwendesha mashtaka katika kesi kama hiyo, ilhali moyoni naamini kwamba Oedipus hana hatia. Nitawezaje kusema nisichokiamini?

JIBU: Mahakama haitakuuliza unaamini nini, bali itataka kujua umethibitisha nini. Anza kwa kuandika utetezi ulio bora kabisa, kwa kuwa unauamini, kisha utafute mahali unapolegea. Utakutana na swali ambalo Oedipus anamuuliza Creon, ndugu wa Jocasta, katika tamthilia ya Sophocles ya Oedipus huko Colonus: mtu akikujia ili akuue, utamuuliza kwanza kama ni baba yako, au utajihami papo hapo? Unaweza kupinga lisipokelewe, kwa kuwa linatoka katika tamthilia nyingine, iliyoonyeshwa mwaka 401 K.K., baada ya mwandishi kufariki. Likipokelewa, jibu kwamba linamhusu mtu aliyekuja kuua, ilhali mzee mwenye mchokoo alitaka njia. Tena mwombe mwalimu wako, kabla ya siku ya kesi, hati ya mashtaka iwe na kosa mbadala la kuua bila kukusudia, ili ushahidi usipofikia kosa kubwa uweze kuomba hilo dogo bila kwenda kinyume na dhamiri yako.