Andikeni Mlichokiona

Andalio la somo lina safu tano: muda, maudhui, shughuli za mwalimu, shughuli za mwanafunzi, nyenzo. Wewe unayejiandaa kwenda mazoezini kufundisha sayansi, ukimaliza kuandika andalio lako anza kulisoma kwenye safu ya nne. Yangu, wiki mbili za mwanzo, ilikuwa na maneno mawili tu kutoka juu hadi chini: kusikiliza, kuandika. Safu ya tatu, ya kwangu mimi, ilijaa mpaka pambizoni: kueleza, kufafanua, kuchora, kuonyesha, kuuliza, kuhitimisha. Mhadhiri aliyekuja kunikagua hakusema mengi. Alipiga mstari chini ya "kusikiliza", akanirudishia faili, akauliza boti ya kurudi Mokowe, bara, inaondoka saa ngapi.

Ilikuwa Mei 2018, muhula wa pili, kisiwani Lamu. Nilikuwa nasomea shahada ya ualimu, Kemia na Biolojia, nikapewa kidato cha kwanza na cha pili. Mzaliwa wa Mombasa mimi, nikajiona nakwenda nyumbani. Pwani ni pwani. Ya safari na makazi sitayarefusha: basi linasindikizwa na polisi, mzigo unabebwa na punda, chumba nilipata Langoni, na majirani walinilisha kuliko nilivyostahili. Niseme ya darasani.

Somo lenyewe lilikuwa asidi na kabonati. Unaweka vipande vya kombe za pwani, yaani magamba ya baharini yenye kabonati, ndani ya chupa, unamimina siki, ambayo ni asidi, povu linapanda, na gesi inayotoka unaipitisha kwa mpira mwembamba hadi kwenye maji ya chokaa. Kitabu kinasema maji yatageuka meupe kama maziwa, na hapo umethibitisha kwamba gesi ni kabonidayoksaidi. Maji ya chokaa yalikuwa kabatini, chupa ina kibandiko kilichoandikwa kwa mkono. Sikujiuliza imekaa humo tangu lini. Nilikuwa nimekesha nikirembesha chati ya manila.

Povu lilipanda vizuri. Wanafunzi wakasimama juu ya madawati kutazama. Dakika ya kwanza, maji ni maangavu. Dakika ya pili, maangavu. Nikaongeza siki, nikatikisa chupa, nikakaza mpira. Maangavu kama ya kunywa. Kengele ilibakisha dakika sita, na kijana mmoja wa mbele akauliza kwa adabu kabisa, "Sasa tuandike nini, mwalimu?"

Nikawaambia, "Andikeni yamegeuka meupe."

Wakaandika. Jioni nilipokuwa nikisahihisha nikafika kwenye daftari la msichana mmoja wa dawati la tatu, mpole, sijapata kumsikia sauti. Yeye alikuwa ameandika kwamba mapovu yalitoka na maji hayakubadilika. Nikamtia alama ya X kwa kalamu nyekundu, nikamwandikia pembeni jibu la kitabu. Kisha nikalala usingizi mzuri, na hilo la usingizi ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Asubuhi yake mzee anayetunza maabara aliinua ile chupa akaitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Mai haya yamekufa," akasema; mai ni maji kwa Kiamu, lahaja ya Lamu. Akanionyesha ukoko mweupe ulioganda chini. Kizibo kilikuwa kimelegea. Hewa inaingia kidogo kidogo, na hewa ina kabonidayoksaidi yake. Chokaa yote ilikuwa imekwisha kuungana nayo na kutuama. Yaani kile nilichotaka watoto wakione kilikuwa kimeshatokea ndani ya kabati, miezi kadhaa, bila shahidi. Na haya nilikuwa nayajua! Niliyafanyia mtihani chuoni nikapata alama zote.

Yule mzee akanituma sokoni kwa muuza tambuu nikanunue chokaa. Nilidhani ananitania. Lakini chokaa ya tambuu ndiyo hiyohiyo, kalsiamu haidroksaidi, na watu wa Lamu walikuwa wakiitengeneza karne nyingi kabla yangu mimi na chati yangu. Matumbawe yanachomwa kwenye tanuri, moto unaifukuza kabonidayoksaidi, inabaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inachemka yenyewe, inatulia, inakuwa chokaa ya kujengea. Ukutani nayo inarudi kuvuta kabonidayoksaidi hewani, taratibu, mpaka inakuwa jiwe tena. Mji wa Kale wote umeshikanishwa kwa mmenyuko huo. UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2001, nami nilikuwa napita katikati ya kuta hizo kila asubuhi nikienda kuwaambia watoto wake kwamba kemia inapatikana kwenye ukurasa fulani.

Namna ya kutengeneza maji ya chokaa, mniwie radhi wenye maabara kamili: kijiko kidogo cha chokaa kwenye chupa ya lita moja ya maji safi, tikisa, acha ilale usiku kucha. Usiongeze chokaa kwa kudhani utapata maji makali zaidi; lita moja haiyeyushi hata gramu mbili, iliyobaki inatuama tu. Asubuhi mimina ya juu polepole, chuja kwa kitambaa kizito, jaza chupa mpaka shingoni, funga kisawasawa. Chokaa hai usiwashikishe wanafunzi kabisa, inaunguza, na ikiingia jichoni ni balaa. Na wakipuliza maji hayo kwa mrija, maana pumzi nayo ina kabonidayoksaidi, waambie mara tatu: kupuliza, si kuvuta. Watakuwepo wawili watakaovuta.

Kisha jaribu. Lijaribu jaribio jioni ya kuamkia somo, kwa vyombo vilevile na siki ileile utakayoingia nayo darasani. Ukilipima kwa saa utajua pia kama linatosha kwenye dakika 40, maana mengi hayatoshi.

Jumatatu niliingia na chupa mpya na madaftari mkononi. Niliwaambia kwamba wiki iliyopita niliwaandikisha kitu ambacho hakuna aliyekiona, na kwamba darasa zima lilikuwa na mtu mmoja tu aliyeandika kweli. Nikamrudishia daftari lake. Nilikuwa nimekata ile X na kuweka vema, na wino mwekundu ulivyopita kwenye karatasi mara mbili ukaacha shimo. Hakusema kitu. Alilifunika shimo kwa kidole. Tukafanya jaribio upya, vikundi sita, mimi nimekaa nyuma. Kikundi cha dirishani kikatangulia, na sauti ikatoka: "Mai yamekuwa maziwa!" Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kuna nini.

Kijana mmoja hakukoma kupuliza. Maji yake yalipokwisha kuwa meupe yeye akaendelea, mashavu yamemvimba, mpaka yakaanza kuangaa tena. "Yamerudi, mwalimu!" Ulimi wangu ulikuwa tayari kumwambia ameharibu. Kumbe ndivyo inavyotakiwa: gesi ikizidi, ule unga mweupe unageuka kuwa haidrojeni kabonati inayoyeyuka. Hiyo haikuwa kwenye andalio langu. Niliiongeza baadaye kwa penseli, kwenye safu ya nne.

Kuhusu vifaa, usisubiri maombi yako yajibiwe. Karatasi za litmasi, za kupimia asidi na besi, zilipokwisha tulitumia manjano ya jikoni. Loweka kitambaa cheupe kwenye manjano, kaushe, kisha kipake sabuni: kinakuwa chekundu. Kikamulie ndimu, kinarudi njano. Kila aliyewahi kumwagikiwa mchuzi kwenye kanzu akaufua kwa sabuni ameshaliona doa hilo likibadilika rangi, na mama zao walinicheka nilipopeleka kama habari mpya.

Sasa la Ramadhani, ambalo ni aibu yangu ya pili. Biolojia, kidato cha kwanza. Nilitaka kuonyesha jinsi mimea ya pwani inavyoishi na maji ya chumvi, nikaenda ufukweni maji yalipokupwa, nikakata tawi la mchu, mti uotao kwenye maji ya chumvi. Mchu unatoa chumvi kupitia majani yake. Ukilamba upande wa juu unaionja. Nikaingia darasani kwa mbwembwe, nikagawa majani, nikasema, "Haya, lambeni!"

Hakuna aliyesogea. Wakatazamana. Mmoja akaniokoa: "Mwalimu, tumefunga."

Mimi sifungi, lakini ujinga huo hauna udhuru. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimeletewa futari na jirani, sahani iko bado kwenye meza yangu. Unaweza kuishi katikati ya watu na andalio lako likaishi kwingine. Tulilazimika kufikiri pamoja: nusu ya darasa wakayaanika majani juani, na fuwele za chumvi zikaonekana kwa lenzi ya mkono, nusu wakayachukua nyumbani wayaonje baada ya kufuturu. Kesho yake ndiyo iliyonifundisha ualimu kuliko mihadhara yote. Walirudi na ripoti. Mmoja alikuwa amemlambisha nyanya yake. Mwingine, ambaye babake hukata boriti, alikuwa ameleta na jani la mkoko, mti mwingine wa maji ya chumvi, analalamika kwamba lake halina chumvi hata kidogo, nimemdanganya. Hakuwa amedanganywa, ila alikuwa amenipita: mkoko unaizuia chumvi nyingi kwenye mizizi, mchu unaiingiza kisha unaitema kwa majani. Jani la pili hilo lilitupa somo ambalo nisingelibuni.

Kwa hiyo ukipangiwa muhula wenye mfungo, pitia maazimio ya kazi, mpango wako wa muhula, mapema uhamishe kila chenye kuonja, na vipindi vizito viweke asubuhi. Baada ya saa sita wasikizi ni wachache, na hiyo si utovu wa nidhamu.

Lugha nayo. Mtihani ni wa Kiingereza, na wewe unapimwa kwa Kiingereza, kwa hiyo utashawishika kufundisha kana kwamba Kiswahili hakipo. Darasa langu lilijibu "yes" kwa sauti moja kila nilipouliza kama wameelewa, nami nikawaamini. "Yes" ya pamoja ina maana ya kwamba wanataka uendelee, basi. Nilichokuja kufanya ni kuwaachia waseme walichokiona kwa lugha yoyote, ndipo tukatafuta jina lake la Kiingereza na kuliandika ubaoni. Na usimsahihishe mtoto Kiamu chake. Mwanzoni kijana mmoja aliniambia kitu kuhusu "mai", nikamjibu "maji", kwa tabasamu kabisa. Hakunyosha mkono tena wiki nzima. Alikuwa anataka kuniambia nini, sijapata kujua.

Viboko vimekatazwa tangu 2001. Usivishike hata walimu wenzako wakikutania. Rekodi ya kazi ijaze siku hiyohiyo.

Wiki moja kabla ya kufunga shule, usiku wa Ijumaa tarehe 27 Julai, mwezi ulipatwa. Mliokuwepo mnaukumbuka: giza kamili la saa moja na dakika 43, refu kuliko yote ya karne hii. Nilikuwa ufukweni na wanafunzi kama ishirini na kaka zao. Misikitini watu wanaswali swala ya kupatwa, mawingu ya kusi yanapitapita, na mwezi umekuwa rangi ya shaba iliyozeeka, Mirihi pembeni yake inawaka nyekundu. Yule msichana wa dawati la tatu akaniuliza, kwa sauti niliyoisikia vizuri: kama ni kivuli cha dunia, mbona hatukioni kila mwezi ukiwa mpevu?

Fizikia si somo langu. Nikamwambia, "Sijui. Jumatatu."

Jumamosi nzima nilisoma. Mzingo wa mwezi umeinama kama digrii tano ukilinganisha na njia ya dunia, basi mara nyingi mwezi mpevu unapita juu ya kivuli au chini yake. Kulieleza ubaoni kulinishinda, nikaenda na karai la maji na ungo mkuukuu uliotoka wavu, umebaki duara tu. Uso wa maji ni njia ya dunia, duara ni mzingo wa mwezi: ukilizamisha duara kwa kuliinamisha, nusu inakuwa juu ya maji, nusu chini, na linakata uso wa maji mahali pawili tu. Mwezi mpevu ukiangukia mojawapo ya hapo, unapatwa. Wakalipokezana duara, wakaniloanisha.

Kijana wa mkoko akaliinua duara likidondoka maji. "Na bamvua?" akauliza, yale maji ya bahari yanayojaa na kupwa kuliko kawaida. "Bamvua huja kila mwezi mpevu, upatwe usipatwe. Hiyo haijali kuinama?" Kengele ikalia. Sikuwa na kipindi kingine nao. Kwenye rekodi ya kazi, mahali pa maoni, nilimwandikia mwalimu atakayelipokea darasa: waanze na bamvua, karai liko maabara nyuma ya mlango.