Re: Kuna mtu anauza achari kwa jina langu, cheti cha eCitizen chatosha?

Pole sana dadangu. Hakitoshi. Kile cheti cha jina la biashara cha eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, chaonyesha tu wewe ndo mwenye biashara, jina lenyewe halilindwi kikamilifu mpaka ulisajili kama alama ya biashara, na hiyo ni kazi ya KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara, Nairobi. Waombe kwanza wakutafutie kama lipo linalofanana, alafu ndo upeleke maombi, wakiridhika watalitangaza kwenye jarida lao siku 60 mwenye kupinga apinge, asipotokea mtu jina ni lako miaka 10 na ikiisha unalipia tena. Ila usipeleke "Achari ya Embe", hilo Malindi nzima twalitumia, watakataa, peleka lile ulobuni mwenyewe pamoja na logo.

Saa hii weka risiti na picha za lebo zako za zamani zote, na ununue chupa yake moja uihifadhi, maana hata kabla ya kusajili anayewauzia watu wakidhani ni wewe anashtakika ukiwa na ushahidi. Na masala, tafadhali, changanya mwenyewe nyumbani, vijana wa jikoni wapate unga tayari umeshapimwa. Mapishi yakishatoka nje KIPI hawawezi kukurudishia.