Nguva wanapungua: jarife, nyasi au hesabu?

Mwalimu wetu hapa Kongwa anasema nguva, mnyama wa baharini anayekula nyasi, wamepungua Rufiji, Mafia na Kilwa kwa sababu nyasi za baharini zinakufa. Mjomba aliyevua Kilwa anasema ni jarife, aina ya wavu. Tumwamini nani?

Mjomba, kwa sehemu kubwa. Mfugaji anajua: ukame hukondesha ng'ombe wote na ndama huadimika, mwizi hupunguza zizi huku waliobaki wamenona. Njaa ya nguva nayo huacha alama. Huko Hervey Bay, Australia, mafuriko na kimbunga vya 1992 viliangamiza takriban kilomita za mraba 1,000 za nyasi. Ikaokotwa mizoga iliyokonda, na ndama wakashuka kutoka kama asilimia 22 ya nguva walioonekana mwaka 1988 hadi asilimia 2 hivi mwaka 1993. Kwetu sehemu nyingi zina nyasi bado, nguva hakuna, na taarifa za vifo nyingi zinatoka kwenye nyavu. Jarife lina macho makubwa na huachwa majini usiku kucha. Nguva hupanda kupumua kila baada ya dakika chache. Akinaswa, hufa maji.

Lakini ananaswa mmoja mmoja tu. Kundi linaishaje?

Kwa uzazi wake. Mimba huchukua miezi 13 hadi 14, ndama ni mmoja, na jike huweza kukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya kuzaa tena. Hata mambo yakiwa mazuri, kundi haliongezeki zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Nguva 40 wataongeza 2. Nyavu zikiua 3, hesabu inarudi nyuma. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliweka nguva wa Afrika Mashariki katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wakomavu wakikadiriwa chini ya 250.

Pengine wapo, ila hawaonekani?

Hoja nzuri. Maji ya delta ya Rufiji yana tope, hivyo ndege ikikosa kuona nguva haithibitishi kwamba hawapo. Ndiyo maana wavuvi huhojiwa: mwaka wa mwisho kumwona, hai au mzoga, wavu gani, miaka mingapi baharini. Usianze kwa kuuliza habari za jarife. Kuua nguva ni kosa kisheria, kwa hiyo mtu atanyamaza, na vifo vitahesabiwa pungufu.

Maji ya bwawa la Mtera huishia Rufiji. Tope la Dodoma linahusika?

Kidogo. Tope huzuia mwanga, na bila mwanga nyasi hufa, lakini sehemu kubwa ya tope letu hutua Mtera kwenyewe, na mbele kuna bwawa la Kidatu. Nyavu zikiondolewa kwa miaka mingi na ndama wasiongezeke, hapo ndipo tutamrudia mwalimu.